Elfu Tatu Kasoro Mmoja

Bernadine Hrabak alikuwa amefinya pirohi, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, mia mbili na kumi na saba redio iliposema kwamba Delmar Askew ameacha kucheza. Hakuzihesabu kwa kutaka. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne huhesabu bila kujijua: ngazi za kanisa, mbegu za tikiti, kikohozi cha padre katikati ya mahubiri. Alikunja ya mia mbili na kumi na nane juu ya viazi vyake, akabana kingo kwa kidole gumba, akaiweka kwenye sinia.

Ilikuwa Alhamisi, siku moja tu baada ya Jumatano ya Majivu, katika jiko la chini ya kanisa la Mtakatifu Ludmila, mjini kwetu, upande ule wa Ohio ambako matanuri ya chuma yalizimwa zamani na watu wakabaki. Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama. Basi nusu ya mji, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, hushuka ngazi za jiko hilo kununua samaki wa kukaanga na pirohi. Wanawake hufinya Alhamisi, wanaume hukaanga Ijumaa, na wote hubishana siku zote mbili.

Redio ilieleza kwamba goti la Askew lililovunjika Septemba limegoma kupona. Miaka kumi na tisa ya besiboli, yote na timu yetu ya Wahunzi, imekwisha. Mtangazaji akamalizia na namba: mipigo elfu mbili mia tisa tisini na tisa.

"Mmoja tu," alisema Philomena Vasko, aliyekuwa akisukuma unga upande wa pili wa meza. Philomena na Bernadine walibatizwa wiki moja na hawajawahi kuachana wala kupatana. "Mwanamume mzima anaondoka na kubakiza mmoja. Si angekwenda hata kwa magongo akaupige?"

"Kwa goti lile?" mtu akauliza.

"Mimi magoti yangu yote mawili ni mabovu na mnaniona hapa."

Wanawake wakacheka. Bernadine hakucheka. Kila mtu pale alijua maana ya namba ile. Mipigo elfu tatu ndiyo inayofungua mlango wa Ukumbi wa Umaarufu, ile nyumba ambamo sura za magwiji wa besiboli hutundikwa ukutani kwa shaba. Hakuna sheria iliyoandikwa hivyo. Ni watu tu wanaosema, na watu wakisema kitu miaka mingi, sheria yenyewe huona haya kuwapinga.

"Haya, wewe uliyekuwa unakaa kule juu uwanjani na penseli," Philomena akamgeukia. "Ataingia au haingii?"

"Nimeacha. Nilikwambia jana."

Kweli alikuwa amesema. Jumatano ya Majivu watu wa parokia hutangaziana watakachojinyima mpaka Pasaka. Philomena alijinyima sukari kwenye kahawa. Bernadine alisema atajinyima kubishana juu ya besiboli, na watu wakashangilia, maana ubishi wa Bernadine ulikuwa wa kuchosha: hakuacha mpaka umwonyeshe ulivyofika hapo ulipofika. Hawakujua kwamba hakuacha kwa ajili ya Mungu. Tangu goti lile livunjike Septemba alikuwa ameyaona mazungumzo haya yanakuja, akatafuta mahali pa kujificha, na Kwaresima ikampa mlango.

Ijumaa yake ubishi uliiva kuliko samaki. Kwenye karai la mafuta alisimama Cyril Sedlak, mfua chuma mstaafu mwenye mikono ya kuinua injini, ambaye mwaka huu alijinyima matusi. Kwenye meza ya tiketi aliketi Emmett Garrity, mwandishi wa safu ya michezo katika gazeti la mji, miaka sitini na sita, tai shingoni hata kwenye mvuke. Emmett hakuwa mtu wa hivi hivi. Yeye ni mmoja wa waandishi mia kadhaa nchini wanaoletewa karatasi ya kura ya Ukumbi kwa posta kila mwaka. Mchezaji akishastaafu hungoja miaka mitano, kisha watu kama Emmett humpima. Asipokubaliwa na robo tatu yao, hana lake.

"Mtu alikuwa mzuri, sikatai," Emmett alisema akimpa mtu chenji. "Mzuri kila siku. Lakini mkubwa? Mipira ya kuvuka uzio hakuwa nayo. Ubingwa hakutuletea. Alikuwa na kitu kimoja, mipigo, na hicho kimoja hakukimaliza."

"Mzuri kila siku miaka kumi na tisa, na huo si ukubwa?" Cyril aliuliza bila kugeuka. "Jaribu wewe kuandika vizuri wiki mbili mfululizo tukuone."

"Nasema elfu tatu ni elfu tatu."

"Haba na haba hujaza kibaba, bwana."

"Kibaba hakijajaa, Cyril. Ndiyo hoja yangu. Kimebaki punje moja."

Mafuta yakamrukia Cyril mkononi. Akafungua mdomo, akakumbuka nadhiri yake, akataja jina la Mtakatifu Ludmila kwa sauti ambayo mtakatifu huyo hakuwahi kuitiwa. Kisha akapaza sauti kwenye dirisha la jiko. "Mwalimu. Mwambie huyu mtu."

"Nimeacha kwa Kwaresima," Bernadine alijibu, akaendelea kuchemsha pirohi.

"Huyo ndiye wa kuiga," Emmett alisema. "Miaka ishirini na miwili kwenye kiti cha karani wa mchezo, hakumpendelea mtu. Mngekuwa na adabu yake msingenipigia kelele."

Sifa ile ilimwingia Bernadine kama mwiba, akageuza uso kwenye sufuria.

Kabla hajastaafu alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alifundisha sekondari ya mtaani, ambako Cyril na nusu ya wakaanga samaki walipita mikononi mwake na hawajamsamehe kwa maneno mawili aliyoyaandika kwa wino mwekundu kwenye kila daftari: onyesha njia. Hata ukipata jibu. Hata jibu likiwa sahihi. Asiyeonyesha njia alipata nusu ya alama, na wazazi waliokuja kulalamika waliondoka na kazi ya nyumbani. Jioni za kiangazi alipanda juu ya uwanja wa Wahunzi, kwenye chumba cha waandishi, akawa karani wa mchezo.

Karani ndiye mwenye kuamua kitu kimoja. Mpigaji akifika kituoni kwa sababu ameupiga mpira vizuri, ni mpigo, na huo unaongezwa kwenye hesabu ya maisha yake. Akifika kwa sababu mlinzi ameboronga mpira ambao mkono wa kawaida ungeudaka, ni kosa, na mpigaji hapati kitu. Karani hana filimbi wala hashuki uwanjani. Ana penseli, kipaza sauti, na muda wa kumeza mate mara mbili.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kukaa kiti kile hapa kwetu. Waandishi wa timu ngeni walisema yale yale wanayosema juu ya kila karani, kwamba anawapendelea wa nyumbani, ila kwake walisema kwa kicheko zaidi. Mama huyu anagawa mipigo kama biskuti, aliandika mmoja. Juma hilo hilo, miaka kumi na moja iliyopita, mwezi wa Julai, Bernadine alipanda ngazi akakuta juu ya kiti chake kopo la biskuti, tupu, na ndani yake kikaratasi cha asante.

Jioni ile Delmar Askew alipiga mpira wa chini kwenda kituo cha tatu, mpira mkali, ukagonga ardhi, ukaruka, ukamchana mlinzi kwenye ncha ya glavu na kupita zake. Hakuna mkono wa binadamu ungeushika. Penseli ya Bernadine iliandika M yenyewe, kwa mpigo. Kisha akaliona kopo, alilolisogeza chini ya meza kwa mguu. Alifuta M, akaandika K. "Kosa, kituo cha tatu," alisema kwenye kipaza sauti. Emmett, aliyekaa kiti cha jirani, alimtazama kidogo, akasema, "Umekaza, Mwalimu," naye akaona fahari. Fahari hiyo ndiyo iliyomwuma baadaye kuliko lile kosa.

Sheria humpa karani saa ishirini na nne za kubadili uamuzi. Alizitumia kufua mapazia ya nyumba nzima. Alingoja Askew apeleke malalamiko, kwa maana wachezaji hulalamikia hata mipira waliyoikosa kabisa, lakini Askew hakusema neno. Jumamosi iliyofuata akaungama kwa Padre Stanko, mzee aliyekuwa akificha redio ndogo ndani ya kanzu siku za mechi. Padre alisikiliza yote nyuma ya pazia. Kisha akasema, "Mwanangu, ule ulikuwa mpigo," akampa Salamu Maria kumi, nyingi kuliko alizompa Philomena kwa kumchukia mkwewe.

Basi Mungu aliambiwa. Aliyeibiwa hakuambiwa. Na wakati ule mmoja ulikuwa kitu gani? Askew alikuwa kijana, na mipigo ilikuwa mingi mbele yake. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa amefika, ana miaka kumi na moja, anajua kuhesabu.

Jumapili baada ya misa Bernadine alishusha daftari la mwaka ule kutoka rafuni. Alikuwa na madaftari ishirini na mawili, moja kwa kila msimu, yote kwa penseli. Ukurasa wa Julai ulifunguka wenyewe. Pale penye K karatasi ilikuwa imechakaa kwa kifutio, na ukiinamisha kwenye mwanga wa dirisha M ilionekana chini yake vizuri tu. Akakaa mezani akaandika barua, akaichana, akaandika nyingine. Iliyokwenda posta ilikuwa fupi. Alimwambia Askew tarehe, kipindi, mlinzi, na kopo la biskuti. Alimwambia kwamba ulikuwa mpigo na kwamba alijua ni mpigo wakati anaandika kosa. Hakuomba msamaha mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu alitaka njia ionekane kwanza.

Jibu halikuja wiki ile, wala iliyofuata.

Ijumaa ya tatu Emmett alikuja na kalamu. Jumapili safu yake ilikuwa juu ya Askew na kichwa cha habari alikwisha kuwa nacho. Alikuwa akiwasomea watu wa foleni kifungu cha kufungia, kwamba namba hazina huruma, na ndiyo maana tunaziamini, kwa sababu nyuma ya kila namba ya mji huu aliketi mtu asiyeyumba.

Bernadine alikuwa dirishani na kijiko cha matundu mkononi. Alisikia mpaka neno la mwisho. Akaweka kijiko, akafuta mikono kwenye aproni, akatoka jikoni, jambo ambalo wapishi hawafanyi saa ya foleni.

"Emmett, futa hilo."

"Mwalimu, si umejinyima?"

"Namaliza kujinyima. Huyo mtu asiyeyumba aliyumba. Ule mmoja unaopungua ni wangu mimi."

Akaeleza. Hakuinua sauti wala hakujikosha. Alieleza kama mtu anayeandika ubaoni. Foleni ilisikiliza mpaka ngazini. Alipofika kwenye kopo la biskuti, Philomena, aliyekuwa ametokeza kichwa dirishani, alisema taratibu, "Na mapazia yale nikakusaidia kuyatundika, hukuniambia."

"Sikumwambia mtu."

Emmett alikuwa ameweka kalamu chini. "Nilikuwa nimekaa hapo. Niliuona mpira. Nilidhani umeona kitu nisichokiona mimi."

"Niliona kopo."

"Unajua nikiandika hivi watasemaje? Watafukua miaka ishirini na miwili. Kila mtu aliyewahi kunyimwa kitu atakuja na lake."

"Waje. Nina madaftari."

Samaki wa Cyril waliungua kidogo siku hiyo na hakuna aliyelalamika. Akirudi jikoni Bernadine aliona njaa kali, njaa ya mtu aliyepona homa. Alikula pirohi nne amesimama.

Emmett aliandika. Sifa moja nitampa: hakuongeza chumvi. Alieleza habari ya Julai ile, akaandika kwamba miaka mitano ijayo, akipewa karatasi ya kura, yeye atasoma elfu tatu, na kwamba waandishi wenzake wenye macho wangefanya vilevile. Kabla ya Jumatatu kwisha duka la vipuri lilikuwa limeandika 3,000 kwenye kioo kwa chokaa. Mwoka mikate akatoa keki za namba hiyo. Watu wasiomjua Bernadine walimpigia honi barabarani, wengine kwa wema, wengine la. Mtu mmoja alipiga simu akamwita mwizi, na Bernadine akamwambia kwamba neno hilo ni kali lakini hawezi kulipinga. Kwenye gazeti la mji mwingine yule mwandishi aliyemcheka kwa biskuti, mzee sasa, aliandika kwamba yeye alilijua jambo hilo siku zote. Hiyo ilimuudhi kuliko simu.

Lakini alikuwa na amani. Mpigo ulikuwa umerudi kwa mwenyewe, hata kama vitabu rasmi havibadiliki tena. Kilichomsumbua ni barua isiyojibiwa.

Ijumaa ya nne, karibu saa kumi na moja na nusu, foleni ya ngazini ilinyamaza kuanzia juu kuja chini. Delmar Askew alikuwa anashuka na fimbo, ngazi moja moja, akikataa mikono ya watu. Ni mtu mrefu, mweusi, mwenye mvi za mapema, mzaliwa wa Alabama aliyekaa kwetu mpaka akaanza kulalamikia theluji kama sisi. Cyril alimwita aje mbele. Askew akasema watu wana njaa, akasimama nyuma ya bibi mmoja na wajukuu zake, akangoja zamu yake, akanunua tiketi kwa Emmett kama mtu mwingine yeyote. Kisha akaja na sinia mpaka dirishani.

"Bi. Hrabak."

"Bwana Askew. Pirohi ngapi?"

"Sita. Barua yako nimeipata. Ningejibu, ila mimi si mwandishi, na goti halikuwa linashuka ngazi."

"Hukuwa na haja ya kushuka."

"Nilikuwa nayo." Alitoa bahasha ya barua ile mfukoni, akaiweka juu ya kaunta, mbali na siagi. "Unakumbuka Mei? Mwaka ule ule. Siku ya mvua, na timu ile ile."

Bernadine alikumbuka mechi zote. "Kipindi cha pili. Mpira wa polepole kwa mlinzi wa kati. Ulimshinda mbio. Mpigo."

"Sikumshinda mbio."

"Niliona."

"Uliona mvua. Mimi nilikuwa chini, Bi. Hrabak. Mpira uliingia kwenye glavu yake wote, ukatoka. Aliuokota tena ndiyo akarusha. Kutoka kule juu, na miavuli ile, hakuna mtu angeuona ukiingia. Yeye mwenyewe alinicheka nilipopita, akaniambia nimepewa zawadi. Lilikuwa kosa, wazi kabisa. Wewe ukaniandikia mpigo."

Bernadine aliweka kijiko chini. Mpira ule wa Mei hakuwahi kuutilia shaka hata dakika moja.

"Nami nikanyamaza," Askew aliendelea. "Kuna mchezaji anayekwenda kurudisha mpigo? Lakini ulinikaa. Basi Julai uliponinyima ule mwingine, kocha alitaka kupeleka malalamiko, mimi nikamzuia. Nikasema sasa hatudaiani. Nimekuwa naamini hivyo miaka yote. Halafu naletewa barua, mtu mzima ananiambia amebeba jambo hili kifuani tangu wakati huo, na mimi ndiye ningeweza kumtua."

Emmett alikuwa amesimama nyuma yake, ameacha meza ya tiketi na sanduku wazi. Askew alijua yupo, maana alizungumza bila kushusha sauti. Alitazama keki moja ya 3,000 iliyokuwa kwenye kaunta ya vitamu, akatabasamu kidogo.

"Ni elfu mbili mia tisa tisini na tisa," alisema. "Tangu mwanzo ilikuwa hiyo. Samahanini kwa keki."

Cyril, kwa mara ya kwanza tangu Majivu, alitamka tusi moja, kwa upole, na padre aliyekuwa karibu akajifanya anatafuta chumvi. Ungeweza kuona hesabu ikipita kwenye uso wa kila mtu pale. Mtu huyu alikuwa amepewa mlango wazi. Alichotakiwa kufanya ni kukaa nyumbani na goti lake, anyamaze miaka mitano, na mji mzima ungemsukuma ndani. Badala yake alishuka ngazi ishirini na mbili kwa fimbo, akaurudisha mpigo mbele ya mwenye kura, ili mwanamke mmoja alale.

"Basi hesabu imenyooka," Emmett alisema hatimaye, polepole, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu. "Moja imeingia isivyo haki, moja imetoka isivyo haki. Namba ni sahihi. Mwalimu, hukukosea."

"Nimekosea mara mbili," alisema Bernadine.

"Lakini jibu..."

"Jibu sahihi, njia mbovu. Cyril, hiyo ni alama ngapi?"

"Nusu," alijibu Cyril kutoka kwenye karai, mara moja, kama mtoto wa darasa la tisa.

"Nusu. Ile ya Mei ni macho yangu, nitaisamehe. Ya Julai ni woga, na haigeuki kuwa kitu kingine kwa sababu bahati imeisawazisha." Akamgeukia Askew. "Lakini asante. Sikujua kuna mtu mwingine aliyekuwa anahesabu pamoja nami."

Akampakulia pirohi. Aliweka sita, akasita, akaongeza ya saba, na Askew akaitazama ile ya saba, kisha akamtazama yeye, wote wawili wakacheka mpaka Bernadine akatafuta kitambaa.

Askew alipokwenda kukaa, na watu wakamzunguka, Emmett alibaki dirishani. Alikuwa amekunja gazeti lake la Jumapili mara nne na bado anatafuta pa kulikunja.

"Umeniharibia, Mwalimu. Nimewaahidi watu elfu tatu. Sasa sina elfu tatu. Nina kilekile nilichokuwa nacho, mtu mzuri wa kila siku, kasoro mmoja."

"Ndiyo."

"Umeshavunja nadhiri yako. Basi niambie. Anastahili?"

Bernadine aliweka sufuria nyingine ya maji motoni. Wiki tatu alikuwa amelikimbia swali hilo, kwa sababu kila alipoulizwa alisikia kopo la biskuti. Sasa hakulisikia. Alitazama kule mezani, ambako Askew alikuwa amemsogezea mjukuu wa yule bibi kiti chake kizuri na kunyoosha goti lake kando.

"Wangapi kwenye Ukumbi wana elfu tatu?" aliuliza.

"Thelathini na kitu."

"Na wangapi kati yao waliwahi kurudisha mmoja?"

Bernadine aliinua kijiko cha matundu, akakielekeza kwa Askew kama alivyokuwa akielekeza chaki.

"Yule ameonyesha njia," alisema. "Huwa natoa alama zote."

Emmett alilitia gazeti mfukoni. Kisha akarudi kwenye meza ya tiketi, akachukua karatasi, akaandika jina la Askew na mwaka atakaopigiwa kura, akaitia kwenye pochi pamoja na picha ya marehemu mkewe. Foleni ilikuwa imefika tena mpaka barabarani, na Cyril alikuwa anapiga kelele kwamba samaki wako tayari.